Nyenzo Huria na Daftari la Mkutubi

Yapo maneno yaingiayo katika lugha kwa kishindo, na watu wakayatumia miaka mingi kabla ya kuuliza yana maana gani. Mojawapo ni lile litumiwalo sasa katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki kutaja vitabu, mihadhara, mazoezi na picha ambazo wenyewe wamezitoa ili kila mtu azitumie, azinakili, azirekebishe na kuzigawa bila ya kuomba ruhusa upya. Jina la mambo hayo lilitungwa kwa Kiingereza mjini Paris mwezi wa Julai 2002, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO, mwaka mmoja baada ya chuo cha MIT cha Marekani kutangaza ya kuwa kitayaweka masomo yake katika intaneti. Mwezi wa Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo la kuyahimiza mataifa yote yafuate njia hiyo. Kwa Kiswahili jambo hilo limekwisha kupewa majina yasiyopungua matatu: rasilimali huria za elimu, rasilimali za elimu huria, na nyenzo huria za kujifunzia. Kazi ya kulieneza imewaangukia zaidi wakutubi wa vyuo vikuu, na chombo walichokishika kwa kazi hiyo ni mitandao ya kijamii. Linalopimwa hapa ni namna kazi hiyo inavyofanywa, na hasara iliyomo ndani yake kwa maandishi ya Kiswahili yenyewe.

Yafaa kuanza na majina, kwa kuwa kosa la jina huzaa kosa la kazi. Neno rasilimali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kichwa cha mali, yaani fungu la kwanza ambalo mfanyabiashara hulitia katika biashara akitarajia faida. Si neno baya; lakini lilipokuja kutumiwa kwa madini, misitu na hata watu, lilichukua sura ya kitu kilichorundikana mahali kikingoja kuchimbwa. Nyenzo ni neno la nyumbani zaidi. Ni wingi wa wenzo, nao ni mti au gogo litumiwalo kuinulia au kusukumia kitu kizito. Aliyewahi kuona watu wakikokota chombo pwani juu ya magogo atautambua mara moja ubora wa neno hili: nyenzo haziwekwi ndani zikatunzwa, hutiwa chini ya kazi, na gogo lililokwisha kupitwa na chombo huchukuliwa likawekwa tena mbele.

Na mpangilio wa maneno nao una maana yake. Katika "rasilimali huria za elimu" kilicho huria ni rasilimali. Katika "rasilimali za elimu huria" kilicho huria ni elimu. Elimu huria ina maana yake tayari katika Tanzania, tangu Chuo Kikuu Huria kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1992 na kuanza kufundisha mwaka wa 1994: ni elimu ya mwanafunzi asomaye akiwa mbali na darasa. Mwanafunzi wa chuo kingine, alalaye katika bweni na kuhudhuria mihadhara kila siku, akiambiwa ya kuwa maktaba yake ina rasilimali za elimu huria, ana haki ya kudhani kwamba hazimhusu.

Lakini neno lenye madhara zaidi si lolote katika hayo. Ni bure. Tangazo la maktaba likiandikwa haraka katika Facebook au katika kundi la WhatsApp, halisemi huria. Husema "vitabu bure". Katika Kiswahili bure ina pande mbili, na hakuna msemaji asiyezijua: apataye bure hakutoa fedha, na ahangaikaye bure hakupata kitu. Mwanafunzi aonaye tangazo hilo hununua kwanza bando la simu, ndipo akafungua anwani aliyopewa. Akikuta faili zito lisilofunguka, au kitabu ambacho kurasa zake ni picha zisizoweza kutafutwa neno ndani yake, basi maana ya pili ya bure imemfikia kabla ya ile ya kwanza. Hata faili likifunguka vema, neno bure limemficha jambo kubwa kuliko bei, nalo ni ruhusa. Kitabu chaweza kusomwa bila malipo na bado mwalimu akakatazwa kukifasiri. Na kitabu chaweza kuuzwa dukani kwa fedha na bado kila mtu akawa na idhini ya kukinakili na kukibadili. Mkutubi asiyetenganisha mambo haya mawili hajatoa habari, amepiga mbiu tu.

Jambo la ruhusa lataka maelezo zaidi, maana hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopata faida yake au anapoikosa. Leseni zitumiwazo zaidi ni zile za Creative Commons, shirika lililoundwa mwaka wa 2001 na kutoa leseni zake za kwanza mwezi wa Desemba 2002. Leseni hizo ni sita. Zote zinamtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi. Tatu zinakataza biashara. Na mbili zinakataza kazi isigawiwe ikiwa imebadilishwa kwa namna yoyote. Sasa tafsiri ni badiliko. Kitabu kilichotolewa kwa mojawapo ya leseni hizo mbili chaweza kusomwa na kunakiliwa Mwanza, Kisumu na Bukavu, lakini mwalimu hana idhini ya kukitoa kwa Kiswahili. Kwa Mwingereza sharti hilo ni dogo, kwa kuwa kitabu kimekwisha kuandikwa kwa lugha yake. Kwa Mswahili ni mlango mzima uliofungwa, ingawa juu yake pameandikwa "karibu".

Mlango ulipoachwa wazi, matunda yalionekana. Mradi wa TESSA, ulioanzishwa mwaka wa 2005 kwa ajili ya mafunzo ya walimu wa Afrika ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, ulitoa masomo yake kwa Kiswahili pia, yakarekebishwa yafuate mazingira ya Tanzania. African Storybook, uliozinduliwa mwaka wa 2014 kutoka Afrika ya Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili ambazo mtu yeyote ana idhini ya kuzifasiri na kuzibadili; na kama itarajiwavyo katika kazi ya wengi, nyingine zimeandikwa kwa Kiswahili safi na nyingine zahitaji kalamu ya mhariri. Kwa upande mwingine, Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao, kilichoanza mwaka wa 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na ambacho makao yake yaliwekwa Nairobi, kilitoa moduli 73 za hisabati, sayansi na ualimu kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Makao yalikuwa katika mji ambao Kiswahili husikika kutoka sokoni hata bungeni. Lakini Kiswahili hakikuwamo.

Ni mkutubi wa chuo kikuu ndiye angeweza kumwambia mwalimu: hiki chafasirika, hiki hakifasiriki, na hiki chafasirika mradi tafsiri yenyewe itolewe kwa leseni ile ile. Maneno hayo hayapati mistari miwili. Katika matangazo ya maktaba hayaonekani ila kwa nadra.

Si haki, hata hivyo, kuwalaumu wakutubi kwa kukimbilia mitandao ya kijamii. Mwezi wa Machi 2020 vyuo vya Kenya, Uganda na Tanzania vilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona; vya Tanzania vilifunguliwa tena Juni 1, vya majirani vikakaa muda mrefu zaidi. Katika miezi hiyo mkutubi hakuwa na meza wala dirisha la kuazimia. Alikuwa na simu, na wanafunzi walikuwa nayo. WhatsApp ikawa meza. Mkutubi aliyejibu maswali usiku, akatafuta makala na kuituma, akaeleza namna ya kufungua hazina ya kidijitali ya chuo, alifanya kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya kwa namna hiyo, tena mara nyingi kwa bando lake mwenyewe. Lawama haiko hapo.

Lawama iko katika yaliyofuata, vyuo vilipofunguliwa na dharura ikageuka desturi. Ukurasa wa maktaba katika mtandao wa kijamii ulizoea kubeba habari za aina tatu: saa za kufungua, picha za semina ambamo wageni wamesimama mstari mmoja, na salamu za sikukuu. Kati ya hizo huingia siku moja moja anwani ya kitabu huria, pamoja na neno lile lile, bure. Baada ya siku mbili anwani hiyo imezikwa chini ya picha za semina nyingine. Asiyeiona siku ile hatakuja kuiona, kwani ukurasa wa namna hiyo haukutengenezwa ili mtu arudi nyuma kutafuta. Umetengenezwa ili atazame la leo. Kazi ya maktaba ni kinyume chake kabisa: ni kuhakikisha ya kuwa kitu kilichoingia miaka hamsini iliyopita chaonekana leo kwa urahisi ule ule.

Tena ukurasa huo si wa maktaba. Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 1, 2018, na mwaka wa 2021 ikaibadili kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Na mwezi wa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini humo. Tanzania nayo iliufunga mtandao wa X mwezi wa Mei 2025. Mtu aweza kuwa na rai yake juu ya serikali hizo, lakini kwa mkutubi funzo ni la kazi, si la siasa: aliyekuwa ameyaweka maelezo ya vitabu vyake huko tu, aliyakosa kwa siku moja.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa kwa wafanyabiashara, wenye kulijua vema neno rasilimali. Lakini hakuna kazi iifaayo zaidi kuliko ukutubi. Daftari la mkutubi ni katalogi. Humo huandikwa jina la kitabu, la mwandishi, la mfasiri, mwaka, lugha, mada, na siku hizi leseni pia. Kitabu kisichoandikwa humo, au kilichoandikwa vibaya, kimepotea hata kikiwa huria mara saba, kwani hakuna ajuaye aombe nini. Mwezi wa Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua maktaba mpya yenye nafasi ya wasomaji 6,000, na kila apitaye aona mlango wake. Hazina ya kidijitali haina mlango wa namna hiyo. Mlango wake ni daftari.

Na hali ya daftari hilo kwa upande wa Kiswahili ni ya kusikitisha, kuanzia jambo dogo kabisa. Vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki vimeweka tasnifu na makala zao katika programu iitwayo DSpace, iliyotolewa mwaka wa 2002, nayo yenyewe ni huria. Mtu atiaye tasnifu humo hujaza fomu, na mahali pamoja huulizwa lugha. Orodha ya lugha inayokuja na programu hiyo kabla ya mtu kuigusa ina Kiingereza mara mbili, kile cha Marekani na kile cha pengine. Kisha Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano, Kijapani, Kichina, Kireno na Kituruki. Mwisho pameandikwa "Nyingine". Kiswahili hakimo. Tasnifu juu ya vitenzi vya Kimakunduchi, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kutetewa kwa Kiswahili, yaingia katika hazina ya chuo cha Kiafrika ikiitwa "Nyingine", au, kwa mkono wa mtu aliyechoka, ikiitwa Kiingereza. Baadaye msomi wa mbali akitaka kuonyeshwa kazi zote zilizoandikwa kwa Kiswahili, huonyeshwa chache au haonyeshwi hata moja, naye hukata shauri ya kuwa Waswahili hawaandiki elimu kwa lugha yao.

Orodha hiyo hairekebishwi na UNESCO. Ni mistari michache ndani ya faili moja, na mkutubi mwenye ruhusa ya kuligusa aweza kutia jina la Kiswahili na alama yake ya kimataifa, sw, kwa muda usiozidi ule wa kutengeneza tangazo moja la sikukuu. Aliye mwangalifu zaidi atajua ya kuwa alama za herufi tatu hutenga Kiswahili cha Kongo na kile cha mashariki, swc na swh, na kwamba kwa maandishi ya Lubumbashi tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Juu ya lugha iko mada. Maktaba hupanga vitabu ama kwa namba za Dewey, ambamo lugha ya Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake 896.392, ama kwa mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambamo Kiswahili chote, kamusi na sarufi na tendi na riwaya, kimepewa namba nne, PL8701 hata PL8704, na fasihi nzima pamoja na waandishi wake imesongamana katika ile ya mwisho. Fasihi ya Kiingereza katika mpango huo huo ina herufi mbili zake peke yake. Namba hizi hazitabadilika kesho, na hakuna haja ya kuzilalamikia sana. Rafu ni rafu. Lakini vichwa vya mada havikufungwa na rafu. Hakuna kanuni ya ukutubi imkatazaye mtu kuandika "tenzi", "mashairi", "ngano" au "isimu" kando ya maneno ya Kiingereza. Watasema wengine ya kuwa Kiingereza huiwezesha maktaba kushirikiana na dunia. Ni kweli, na kadi ina nafasi ya vyote viwili. Isipokuwa mwanafunzi afikiriaye kwa Kiswahili hujikuta lazima alifasiri swali lake kabla ya kuliuliza, na lililopotea katika tafsiri hiyo halitafutiki tena.

Ubaya wa daftari huonekana wazi kabisa katika tendi za kale. Hizi ndizo hasa zilizopaswa kuwa nyenzo huria za kwanza za Kiswahili: watungaji wamekufa zamani, hakimiliki yao haipo, na nakala nyingi zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti na maktaba za Ulaya na za Afrika. Lakini azitafute mwanafunzi. Utendi alioutunga Mwengo wa Athumani huko Pate mwaka wa 1728 hujulikana kwa jina la Utendi wa Tambuka, na pia kwa jina la Chuo cha Herekali. Wengine waandika kyuo, wengine utenzi. Inkishafi huandikwa peke yake, au hutanguliwa na al, au na el. Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka wa 1858, ulichapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka wa 1934 chini ya jina la Kiingereza lisemalo habari za nasaha na wajibu wa mke, hata atafutaye neno utendi asiukute kamwe. Ongeza hapo mambo ya hati: herufi za Kiarabu, kama walivyozitumia wanakili wengi, hazitengi i na e, wala u na o, na kila mhariri amezisoma na kuziandika kwa kanuni zake. Wakutubi wanayo dawa ya ugonjwa huu tangu zamani. Huitwa jina sanifu: kazi moja huchaguliwa jina moja, na majina mengine yote huelekezwa kwalo. Dawa hiyo imekwisha kutumiwa kwa Homer na kwa Biblia. Mwengo angojea zamu yake.

Jina lingine lililopotea ni la mwenye kalamu. Mikusanyo ya miswada iliyoko Chuo cha SOAS, London, hutajwa kwa majina ya waliokusanya: Taylor, Werner, Hichens, na wengineo. Heshima yao wanastahili. Lakini mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyomo katika karatasi za Taylor yalimfikia kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyekufa mwaka wa 1890, ambaye aliyakusanya na kuyaeleza. Na miswada mingi iliyowafikia Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann iliandikwa kwa mkono wa mtu mmoja, Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa khati njema. Mkono wake umetawanyika katika nchi mbili za Ulaya. Mwaka wa 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa juu yake na maandishi yake, wakaonyesha jinsi vipande hivyo vinavyounganika. Waliyoyafanya kwa kitabu, katalogi ingeweza kuyafanya kila siku, lau jina la mnakili lingeandikwa kila mahali palipo na kazi yake, kwa namna moja, badala ya kuachwa katika maelezo ya chini au kutoachwa popote.

Hapa yapasa kutaja jambo ambalo wapenzi wa uhuria hawapendi kulisikia. Hakimiliki ikiisha, haki nyingine hubaki. Mzee aliyeuazima mswada wa babu yake upigwe picha katika miaka ya 1960, aliuazima kwa mtu aliyeketi naye na kunywa kahawa yake; hakuuazima kwa dunia nzima. Baadhi ya miswada ina nasaba za watu, na mingine ina dawa na dua ambazo wenyewe hawazianiki. Wajukuu wako hai, na namba zao za simu zajulikana mjini. Kuwauliza kabla ya kutia leseni si kupinga elimu huria. Ni kumtaja mwenye kazi, sharti ambalo leseni zote sita zimelianza nalo.

Na swali hilo ndilo linaloonyesha matumizi ya kweli ya mitandao ya kijamii kwa mkutubi wa chuo kikuu. J. W. T. Allen alipokuwa akikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alizunguka pwani, akauliza, akasikiliza, akaandika. Orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka wa 1970, na thamani yake haikutoka katika karatasi peke yake, ilitoka katika watu waliomweleza karatasi hizo ni za nani na neno fulani husomwaje. Watu wa namna hiyo wapo hata leo, lakini hawakai tena mji mmoja. Wako Lamu na Siyu, Mombasa na Unguja, wako Maskati, wako London na Toronto, na wengi wao wamo katika makundi ya WhatsApp ya jamaa na ya washairi, ambamo beti hutumwa usiku na kujibiwa kabla ya alfajiri. Maktaba huyapelekea makundi hayo matangazo. Haijazoea kuyapelekea maswali.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza. Ukurasa mmoja wa mswada, wenye neno moja ambalo wahariri wawili wamelisoma mbalimbali, hupigwa picha iliyo safi na kupelekwa kwa watu ishirini wanaojua. Au kipande cha kanda, dakika moja, sauti ya mwimbaji ambaye kadi yake inasema "mwanamke, Pemba" na kunyamaza. Majibu yatakuja mengine ya makosa na mengine ya kubishana, na mengi yatakuja kwa sauti badala ya maandishi, kama ilivyo desturi ya makundi hayo. Kwa hiyo mkutubi atakaa na kusikiliza, atayaandika, atauliza kama mwenye jibu yuko radhi kutajwa, kisha atayatia katika katalogi, siyo katika ukurasa wa Facebook, pamoja na tarehe na jina la aliyesema. Fomu ya DSpace ina sehemu ya maelezo iliyo wazi, na humo hapana kiasi cha maneno kilichowekwa.